Nimekatazwa Kukoroga

Jamani, mimi ni mtu wa Tanga. Nimepika pilau la hitima, nimepika la harusi, nimepika na la kikao cha ukoo ambalo watu walikula wakasahau walichokuja kugombania. Leo, kwenye jiko langu mwenyewe hapa Lafayette, Louisiana, nimenyang'anywa mwiko na mzee wa miaka 80.

Kosa ni la mdomo wangu. Nilimwambia mzee jirani kwamba jambalaya, ule wali wao wa nyama na soseji, ni pilau tu lililokosa bizari. Kesho yake asubuhi huyo mlangoni, kabeba sufuria la chuma zito kama nanga, kaja kunifunza adabu. Yeye ni Mkajuni, wale watu wa Louisiana wenye asili ya Kifaransa. Mababu zake walianza kufukuzwa na Waingereza kule Kanada mwaka 1755, na anavyolisimulia jambo hilo utadhani ni la juzi Jumanne, mizigo bado haijashushwa.

Tukaanza na soseji. Inatakiwa anduyi, nayo ni nguruwe. Mimi nilinunua ya bata mzinga. Mzee akaishika kwa vidole viwili, akaitazama kama mtu aliyeitwa mochwari kutambua maiti, akasema, "Simjui huyu."

Nikatoa nyanya. "Rudisha! Nyanya ni mambo ya New Orleans!" Alivyolitamka New Orleans ni vile shangazi yangu anavyolitamka jina la mke mwenzie. Hapo, kusema kweli, nilimpenda kidogo, maana hata mimi nina binamu hatusemeshani mwaka wa tatu huu kwa ajili ya nyanya kwenye pilau.

Kisha kitunguu, hoho na seleri, ambavyo wenyewe wanaviita Utatu Mtakatifu. Mke wangu, Mama Rukia, akaninong'oneza kama bismillahi yetu bado inafaa au tungoje kwanza.

Lakini ukoko, jamani! Kwetu ukoko ni wa mwisho, watoto wanaupigania kwa vijiko. Hawa wanaanza nao. Kuku anakaangwa mpaka agande chini ya sufuria, unakwangua, unamwacha agande tena, halafu kitunguu kinatoa maji kinaubandua ule ukoko, na rangi yote ya wali inatoka hapo. Ujanja mzuri, sikatai. Ila nyumba yangu ina kengele ya moshi, na kengele haijui jambalaya. Ikalia. Nikapanda kigoda kuipepea kwa kanga ya Mama Rukia, ile ya MDHANIA NDIYE SIYE, mtoto naye akalia, mbwa wa ghorofa ya juu akaitikia. Mzee hata hakugeuka. "Bado," akasema. "Haijawa hudhurungi."

Supu ikachemka, mchele ukaingia, moto ukashushwa, kifuniko juu. Dakika 25 hakuna kufunua, hakuna kukoroga, ukikoroga umepika uji. Mkono ukaniwasha. Nikaomba basi angalau nipalie, makaa mawili tu juu ya kifuniko. Akaniuliza kama nimelala vizuri. Na huyu ndiye aliyenihadithia nusu saa nzima habari za Gonzales, mji unaojiita mji mkuu wa jambalaya duniani, ambako kwenye mashindano yao wanapika kwa kuni! Yaani kuni halali, makaa haramu.

Simu yake ikaita, akatoka kibarazani. Mimi ni binadamu. Nikafunua. Iliki nne, karafuu kidogo, kijiti cha mdalasini, nikavizika kama mtu anayeficha ushahidi, nikafunika.

Mezani mzee alikula vizuri tu, akatikisa kichwa, akaongeza. Mara taya likasimama. Akatoa karafuu mdomoni, akaiweka pembeni mwa sahani, akaikodolea macho.

"Hii ni nini?"

Mama Rukia akaniangalia.

"Ni ile soseji, mzee," nikasema. "Bata mzinga ana vijifupa."