Video haihitaji plagini tena, waambieni wazazi wetu

Jumamosi iliyopita nilikuwa Busia kwa senga yangu, yaani shangazi, nafika saa kumi jioni namkuta amekaa mbele ya kompyuta ya sebuleni amechoka kabisa. Alikuwa anatafuta video ya mazishi ya rafiki yake aliyezikwa Tororo, yeye hakuweza kwenda kwa sababu ya miguu, mtu akamtumia linki. Kufungua, ukurasa unamwambia Flash Player yako ni ya zamani, sasisha ndipo uone. Akabonyeza. Ikamwambia tena, akabonyeza tena, mara tatu. Nilipoingia brauza ilikuwa inafungua matangazo ya kamari yenyewe, moja juu ya jingine, na mazishi hayaonekani.

Akaniangalia akasema, "Mwanangu, si ndivyo ulivyonifundisha?"

Na ni kweli nilimfundisha. Mwaka 2012 nilikuwa nakaa kwenye kafe ya intaneti pale Busia, na kila mteja akilalamika video imekataa jibu langu lilikuwa moja, apdeti Flash, bonyeza ndiyo, ngoja. Enzi zile lilikuwa jibu sahihi, brauza ilikuwa inategemea programu ya pembeni, yaani plagini kama Flash, kucheza video, na hiyo ya pembeni ilikuwa haiishi kutoboka, usipoiapdeti wezi wanaingia. Tukawakaririsha watu mpaka ikawa kama kunawa mikono.

Halafu mambo yakabadilika. YouTube ikafanya HTML5 kuwa njia yake ya kawaida Januari 2015, yaani brauza inacheza video yenyewe, na mwaka huohuo Chrome ikaacha plagini za mtindo wa zamani. Julai 2017 Adobe ikatangaza kwamba Flash itazikwa, 31 Desemba 2020 ikaacha kuihudumia, na kuanzia 12 Januari 2021 hata aliyekuwa nayo ikawa inakataa kucheza kitu. Mnakumbuka wiki ile hapa kwetu Uganda? Jioni ya tarehe 13 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa ajili ya uchaguzi wa tarehe 14, tukakaa siku kadhaa gizani. Nani angekuwa anawaza Flash? Ilikufa sisi tuko nje ya mtandao, na tuliporudi hakuna aliyeenda kuwaambia wazee kwamba lile somo limefutwa. Mimi pia sikuenda, na hiyo inaniuma kuliko matangazo yote niliyoyafuta usiku ule.

Kwa sababu wezi wao walilikumbuka somo letu vizuri sana. Oktoba 2017 kirusi kinachoitwa Bad Rabbit kilifunga mafaili ya watu Urusi na Ukraine, hadi uwanja wa ndege wa Odesa ukaguswa, na kilikuwa kinaingia kwa kujifanya apdeti ya Flash. Mtu anabonyeza mwenyewe akidhani anajilinda! Senga hakuwa mzembe, alitii. Anayetii ndiye anayeumia, na siwezi kulikubali hilo hata kidogo.

Kwa hiyo naomba muwaambie nyumbani, kwa lugha yoyote wanayoielewa: ukurasa wowote leo ukikwambia pakua plagini au pleya ndipo uone video, funga huo ukurasa. Flash mpya haipo. Silverlight, plagini nyingine ya video, ya Microsoft, nayo ilikwisha Oktoba 2021. Sawa, plagini hazijaisha zote, ukiwa na Firefox utakuta OpenH264 na Widevine, lakini hizo brauza inazileta na kuziapdeti yenyewe, haitumi ukurasa wa mtu uje kukuomba.

Kitu cha kuapdeti ni brauza yenyewe, na hapa nagombana na mafundi wetu. Kompyuta ya senga ilinunuliwa Kampala, imetumika, na aliyeiuza alizima apdeti zote akamwambia "zinakula MB tu". Najua bando ni ghali, tulilipa kodi ya shilingi 200 kwa siku kutoka Julai 2018 ili tuingie WhatsApp, na tangu Julai 2021 bando lenyewe lina ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo simlaumu mtu kuhesabu MB. Lakini hesabu basi zote, saa moja ya video ya kawaida inakula mamia ya MB, wakati apdeti ya brauza mara nyingi inashusha sehemu zilizobadilika tu. Mnabana pasipostahili. Septemba 2023 Google ilitoa Chrome iliyoziba tundu kwenye libvpx, maktaba inayoshughulikia video ndani ya brauza, na tundu hilo lilikuwa tayari linatumiwa na wavamizi. Firefox nayo ikaziba. Aliyezimiwa apdeti alibaki nalo wazi huku anaangalia video zake kwa amani, akidhani fundi amemsaidia.

Wenye Windows 7, poleni, Chrome iliacha kuwapa matoleo mapya baada ya 109, mwanzoni mwa 2023.

Kukagua ni jambo dogo. Kwenye Chrome bonyeza nukta tatu juu kulia, nenda Help, halafu About Google Chrome, itatafuta yenyewe, ikimaliza bonyeza Relaunch. Kwa senga ilichukua muda kwa sababu nilianza kwa kutoa ile takataka iliyojiita Flash na viongezo viwili vilivyoingia nayo, nikapitisha Defender, kinga ya virusi ya Windows, kompyuta nzima, nikabadilisha nywila ya barua pepe yake kwa simu yangu, na katikati yaka, umeme wa kulipia kabla, ikaisha tukangoja mtu atoke kununua.

Ile linki tukaiacha. Nikampigia mtoto wa marehemu, akatuma video yenyewe kwa WhatsApp, ikafunguka mara moja bila kuombwa chochote. Senga aliiangalia mpaka mwisho, wakati wa nyimbo akawa anaimba nao taratibu. Alipomaliza akaniomba karatasi, akaandika kwa mkono wake "FLASH ILIKUFA 2020, USIBONYEZE", akaibandika ukutani juu ya soketi.