Gari la mgeni uwanjani kwako: Uingereza baada ya klampu

Ukikaa jirani na uwanja wa ndege wa Luton au Gatwick, unaweza kuamka asubuhi ukakuta gari usilolijua limepaki mbele ya mlango wako, ndani ya eneo lako, na mwenyewe keshapanda ndege kwenda likizo. Ukiwapigia polisi watakwambia hilo ni suala la madai, si jinai. Halmashauri nayo itakujibu kwamba inasimamia barabara, si uwanja wa mtu. Na ukipandwa na hasira ukaliziba kwa gari lako ili huyo bwana akirudi asitoke, anayeweza kushtakiwa ni wewe.

Jambo hilo likisimuliwa Dar es Salaam au Mombasa, watu hucheka na kudhani linatiwa chumvi. Halijatiwa. Linatokana na kifungu cha 54 cha sheria ya mwaka 2012 iitwayo Protection of Freedoms Act, kilichoanza kufanya kazi England na Wales tarehe 1 Oktoba mwaka huo. Kinamkataza mtu asiye na mamlaka ya kisheria kulifunga gari, kulisogeza au kulizuia kwa nia ya kumnyima mwenye haki nalo asiliondoe. Hata kibao chako kiseme kwa herufi kubwa kwamba atakayepaki hapa amekubali kufungwa klampu, kile chuma kinachobana tairi ili gari lisiondoke, kukubali huko hakuhesabiki.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa kinyume. Katikati ya miaka ya 1990 Mahakama ya Rufaa ya England ilikuwa imesema kwamba dereva aliyekiona kibao, akakisoma na bado akapaki, amejitakia mwenyewe: klampu ni halali na malipo ya kuifungua ni halali, mradi yasipite kiasi. Scotland haikutaka kusikia habari hizo. Tangu mwaka 1992 mahakama yake ilikuwa imeamua kwamba kulifunga gari la mtu kisha kumdai pesa ili alichukue ni wizi na kutoza pesa kwa vitisho. Kisiwa kimoja, sheria mbili. Mwaka 2000 Mahakama hiyohiyo ya Rufaa ikalegeza kamba kidogo kwa mwanamke aliyeugua ghafla akiwa anaendesha, akasimamisha gari pembeni, akatoka kutapika, na aliporudi akakuta klampu imeshafungwa. Hakukiona kibao, wakasema majaji, kwa hiyo hakukubali lolote.

Wenye maeneo wana hoja, na nadhani wanaowabeza hawajawahi kuwa na eneo la kulinda. Fikiria zahanati yenye nafasi tano za magari karibu na stesheni ya treni. Saa moja asubuhi nafasi zote zimejaa magari ya wafanyakazi wanaokwenda mjini, na hayatoki hadi jioni. Mgonjwa mwenye magongo anazunguka mtaa mzima. Kumshtaki kila dereva kwa kuingia eneo la mtu bila ruhusa kunawezekana kwenye karatasi, ila fidia huwa ndogo kuliko gharama ya kufungua kesi, maana mahakama itauliza: umepata hasara gani? Klampu ilikuwa na sifa moja ambayo barua ya madai haina: ilisema papo hapo, na kila aliyepita aliisikia.

Lakini sifa hiyo ndiyo iliyoiponza. Aliyekukamata ndiye aliyekuhukumu, na ndiye aliyepokea pesa. Mama mwenye watoto garini saa nne za usiku hana pa kukata rufaa. Analipa mamia ya pauni, tena taslimu, kisha ndipo alalamike. Bunge lilifanya vyema kuiondoa, na sioni sababu ya kuirudisha.

Nina shaka na kilicholetwa badala yake. Sheria ileile iliyopiga marufuku klampu ilizipa kampuni za maegesho, zile zinazosimamia maeneo ya kupaki ya watu binafsi, zawadi katika jedwali lake la nne. Zamani kampuni ililazimika kuthibitisha nani hasa alikuwa nyuma ya usukani. Sasa, ikifuata masharti na kutuma barua kwa wakati, inaweza kumdai aliyesajiliwa kuwa mtunzaji wa gari kama hamtaji dereva. Jina na anwani inazipata DVLA, mamlaka ya usajili wa magari, kwa pauni 2.50 kwa kila ombi. Maombi hayo yamepita milioni 10 kwa mwaka. Kamera ya getini inasoma namba za gari wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, kompyuta inatoa hesabu, barua inakwenda.

Kesi iliyoupa mfumo huu baraka ni ile ya ParkingEye dhidi ya Beavis, mtu wa biashara ya chipsi aliyepaki kwenye eneo la maduka mjini Chelmsford. Saa mbili za kwanza zilikuwa bure. Yeye alizidisha dakika 56, akadaiwa pauni 85, ambazo zingeshuka hadi 50 kama angelipa ndani ya siku 14. Alibisha kwamba hiyo ni adhabu tu, kwa kuwa hakuna aliyepata hasara. Novemba 2015 Mahakama ya Juu ikamkatalia, majaji sita kwa mmoja: vibao kama 20 vilikuwa wazi, na mwenye eneo ana haki ya kutaka magari yapishane ili wanunuzi wengine wapate nafasi.

Kama kanuni, naikubali hukumu hiyo. Lakini ndani yake kuna jambo ambalo wengi walilipita haraka: kampuni haikuwa ikilipwa na mwenye eneo kwa kazi ya ulinzi. Kampuni ndiyo iliyokuwa ikimlipa mwenye eneo, pauni 1,000 kwa wiki, ili ipewe nafasi ya kukusanya faini hizo. Maana yake, siku ambayo madereva wote wangetii saa mbili zao, kampuni ingekula hasara. Mlinzi wa namna hiyo anaomba mwizi aje.

Hapo ndipo malalamiko ya madereva yanapopata mantiki. Kamera inapima muda wa kuwa ndani ya geti, si muda wa kupaki, kwa hiyo dakika ulizozunguka kutafuta nafasi, na foleni ya kutoka Jumamosi, zote zinaingia kwenye hesabu. Ukikosea herufi moja kwenye mashine ya malipo, umelipia gari la mtu mwingine. Deni likichelewa, huongezewa hadi pauni 70 za wakusanya madeni.

Bunge liliyaona haya. Sheria ya mwaka 2019 iliyoanzishwa na mbunge Greg Knight iliitaka serikali itunge kanuni moja kwa kampuni zote. Kanuni ikatoka Februari 2022, ikishusha faini nyingi nje ya London hadi pauni 50 na kufuta zile 70. Kampuni zikaenda mahakamani, na mwezi Juni serikali ikaiondoa. Vyama viwili vya kampuni hizo vikaandika kanuni yao wenyewe mwaka 2024, faini ikiwa na kikomo cha pauni 100 na dereva akipewa dakika 10 za hisani. Julai 2025 serikali ikafungua tena mlango wa maoni.

Kwa ndugu zetu walioko huko: ule ushauri unaozunguka kwenye magrupu, kwamba barua hizi zipuuzwe tu kwa kuwa si za serikali, ni wa kabla ya 2012. Ni kweli si za serikali. Ila ukinyamaza hadi mahakama itoe hukumu, na usilipe ndani ya mwezi mmoja, itakaa kwenye rekodi yako ya mikopo miaka sita. Kata rufaa mapema, kwa maandishi, na uiambatanishe na picha ya kibao.

Na mkazi wa Luton? Kampuni haina haja naye, nafasi moja ya gari haiwalipi. Sheria imemwachia kizuizi cha kudumu kilichokuwepo kabla gari halijaingia: geti, mnyororo wa njiani, nguzo ya kufunga kwa ufunguo. Yaani kilekile ambacho mwenye nyumba wa Kinondoni hufanya kwa matairi mabovu yaliyojazwa zege na kupakwa chokaa. Nguzo ni pesa yake, ufunguo ni usumbufu wake kila asubuhi na jioni, na aliyemletea usumbufu huo hachangii hata senti. Serikali ikiwa inaandika kanuni upya, ingeanza kwa kukataza kampuni kununua haki ya kutoza faini, kisha itafute njia ya mkazi kama huyu kuipata anwani ya mwenye gari na kumdai fidia iliyopangwa na sheria, bila kuthibitisha hasara.