Ribeirinha Ziko Nne

Kireno kilichosalia katika ukoo wa mke wangu kilikuwa sala moja na matusi mawili. Vyote vitatu viliachwa na babu wa mama mkwe wangu, kijana wa visiwa vya Azores, katikati ya bahari ya Atlantiki, ambaye usiku mmoja wa miaka ya 1890 alipanda kwa siri meli ya kuvua nyangumi ili asiandikishwe jeshini, akazunguka bahari mpaka akachoka, kisha akatia nanga Fall River, jimbo la Massachusetts, katika viwanda vya pamba. Huko jina lake la Rodrigues likageuzwa kuwa Rogers na watu wasiokuwa na muda wa kulitamka, kama vile akina Pereira walivyojikuta wakiitwa Perry. Akaoa binti wa Kiairishi, watoto wakalelewa katika parokia ya Waairishi, na Ureno ikabaki kuwa jambo la kutajwa pale tu mzee alipojigonga kidole kwa nyundo.

Mimi ni mkwe wao, mzaliwa wa Mombasa, na kwa kuwa riziki yangu naipata kwenye kompyuta, ilichukuliwa kwamba najua kila kilichomo ndani yake. Mama mkwe alipofikia umri wa kutaka kujua alikotoka, kazi ikaniangukia mimi. Nilipompigia simu mama yangu, ambaye hukutajia mababu zake mpaka wa saba bila kumeza mate, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, watu wazima na mvi zao hawajui babu yao ni wa kijiji gani? Sasa sisi posa yako tuliipeleka kwa nani?" Nikamweleza kwamba ni watu wenye asili ya Ureno. "Wareno?" akasema. "Mimi nilidhani tulimalizana nao pale Fort Jesus mwaka 1698."

Kilichotusumbua mwanzoni hakikuwa uhaba wa kumbukumbu bali wingi wake. Kabla ya mwaka 1911, serikali ya Ureno ilipowalazimisha watu wote kujiandikisha kwake, mapadri ndio walioandika ubatizo, ndoa na vifo, na vitabu vyao vya Azores vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuwekwa kwenye intaneti bure, hivyo mtu aliyeketi jikoni kwake Massachusetts anaviona mpaka vitobo vilivyotobolewa na wadudu. Taabu ni kwamba mtoto alibatizwa kwa jina moja tu. Jina la ukoo alikuja kulichukua ukubwani, na ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja waliweza kuchukua mawili tofauti bila kugombana. Wanawake ndio usiseme, kwa maana wengi walijiita kwa majina ya ibada, Maria wa Yesu, Rosa wa Roho Mtakatifu, na ukoo wao ukapotelea humo humo mbinguni. Sisi tulichokuwa nacho ni Manuel, mwana wa António na Maria, aliyezaliwa mwezi Julai, na kumtafuta huyo katika Azores ni sawa na kuingia Mombasa ukamwulizia Ali mwana wa Mohamed.

Mke wangu ndiye aliyeliona jina la kijiji, katika karatasi ya babu ya kuombea uraia wa Marekani: Ribeirinha, Azores. Tulishangilia. Shangwe ilidumu mpaka nilipofungua ramani, kwa sababu visiwa vile viko tisa, na katika hivyo tisa Ribeirinha ziko nne: moja São Miguel, moja Terceira, moja Pico na moja Faial.

Sasa niseme juu ya mjomba. Yeye ni kaka wa mama mkwe, fundi bomba mstaafu, na kazi ile ilimfundisha kwamba kitu chochote kikigoma dawa yake ni kuongeza nguvu. Nilimweleza kwa adabu zote kwamba ushahidi ulielekea Faial. Meli za nyangumi kutoka New Bedford, bandari jirani na Fall River, zilikuwa na desturi ya kupita katika bandari ya Horta, kisiwani Faial, kuchukua maji, chakula na vijana wenye mikono imara, na biashara hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba familia moja ya Boston, akina Dabney, ilishika ubalozi mdogo wa Marekani pale Horta kwa sehemu kubwa ya karne ya 19. Kijana aliyeondoka usiku kwa meli ya nyangumi bila pasipoti angetafutwa kwanza huko. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, akanipiga bega, akasema, "Mkwe, mimi nimetengeneza mabomba ya Fall River nzima. Wareno wote niliowaingilia jikoni ni wa São Miguel." Na kweli, wengi wa Fall River asili yao ni São Miguel. Ubishi wa mjomba una ubaya huo, kwamba daima una robo ya ukweli ndani yake.

Akaanza kusoma vitabu mwenyewe, na usiku mmoja akanipigia simu akipiga kelele kwamba Manuel amepatikana, Ribeirinha ya São Miguel, baba António, mama Maria, mwezi wa saba. Nikafungua ukurasa ule. Pambizoni padri alikuwa ameandika kwa mkato "7bro", mkato ambao kwa mapadri wa zamani ulikuwa Septemba, kwa hesabu ya kale ya Kilatini iliyoanzia mwaka mwezi Machi. Oktoba waliiandika 8bro na Novemba 9bro. Nilimweleza hivyo. Akaniuliza kama ninataka kumwambia kwamba padri hakujua kuhesabu mpaka saba.

Basi jambo likawa limekwisha. Tiketi zikakatwa za Boston mpaka Ponta Delgada, mji mkuu wa São Miguel. Mjomba akaandika barua ndefu ya Kiingereza kwa paroko wa Ribeirinha kumjulisha kwamba wazao wa Manuel wanarudi nyumbani, na asipojibiwa akahesabu kuwa ni ridhaa. Kisha akachapisha fulana za kijani, moja kwa kila mtu, wakwe na wajukuu, kifuani imeandikwa "Ukoo wa Rogers Umerudi Ribeirinha" na mgongoni ramani ya São Miguel, kubwa, kutoka bega mpaka bega. Yangu ilinibana tumboni.

Tulifika kijijini, karibu na mji wa Ribeira Grande katika pwani ya kaskazini, asubuhi ya Jumapili. Hakuna aliyekuwa ametazama kalenda ya kanisa. Gari la kukodi lilipokata kona ya mwisho tukakuta barabara imepambwa kwa maua, fataki zinalipuka angani, bendi ya matarumbeta imejipanga kwa sare mbele ya kanisa, na msichana mdogo aliyevaa nguo nyeupe anatembea polepole na taji la fedha kichwani. Kando yake kulikuwa na meza ndefu zilizotandikwa, na masufuria ambayo mtu angeweza kuogea ndani yake.

Ilikuwa Pentekoste, sikukuu ya Roho Mtakatifu, ambayo watu wa Azores huihusisha na Malkia Isabel wa Ureno aliyeishi mpaka mwaka 1336, na ambayo nguzo yake ni taji na chakula: anayefika hulishwa, awe tajiri, awe maskini, awe nani. Ningeweza kulieleza hilo kama ningepewa nafasi. Mjomba alikuwa amekwisha fungua mlango kabla gari halijasimama, machozi yakimtiririka, akisema, "Jamani, waliipata barua!"

Akaenda moja kwa moja kwa kiongozi wa bendi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, na kwa bahati iliyoharibu kila kitu, wimbo ukaisha wakati huo huo. Kijiji kizima kikageuka kutazama watu waliovaa fulana za kijani. Mwanamume mmoja wa makamo akatusogelea, akasoma kifua cha mama mkwe, na akatuuliza kwa Kiingereza kizuri, maana alikuwa amefanya kazi ya ujenzi Kanada kwa miaka mingi, kama tuna njaa. "Ametutambua," mjomba akamnong'oneza dada yake.

Tulikalishwa. Ikaja supu ya nyama ya ng'ombe iliyomwagiwa juu ya vipande vya mkate, na kabichi, na majani mabichi ya nanaa yaliyokuwa yanalegea katika mvuke mbele ya macho yetu, na kila sahani ilipokaribia kuisha mtu aliyekuwa nyuma yetu aliijaza tena bila kuuliza. Tatizo langu mimi lilikuwa la namna yake. Kwa rangi yangu, na kwa kuwa nilitoka pande za New Bedford ambako watu wa Cape Verde, visiwa vya Afrika Magharibi vilivyotawaliwa na Ureno, ni wengi, kila aliyenikaribia aliniona kuwa mtu wa huko na kunisemesha Kireno kwa kasi, akimwacha mjomba kando na msemo wake wa "thank you". Katika ukoo ule uliorudi nyumbani, mimi wa Mombasa ndiye pekee niliyeonekana kuwa na lugha.

Labda hilo ndilo lililomchoma mjomba, kwa sababu baada ya sahani ya pili alipanda juu ya kiti. Mke wangu alinishika paja kwa nguvu. Mjomba aliwashukuru wanakijiji kwa niaba ya babu yake marehemu, akasema, "Tulijua mtatungoja, lakini hatukujua mtapika kiasi hiki," na yule mtu wa Kanada, ambaye mpaka leo namheshimu, alitazama chini, akafikiri, kisha akawafasiria wenzake jambo fupi ambalo bila shaka halikuwa hilo. Watu wakapiga makofi. Mjomba, akitiwa moyo, akatangaza kwamba sasa atasema nao kwa lugha ya wazee, na mama mkwe akafumba macho, kwa maana katika Kireno cha ukoo ule uwezekano ulikuwa mmoja kwa mitatu tu kwamba kingetoka kitu cha kusikika mezani.

Mungu si Athumani, ikatoka sala. Akasali Salamu Maria kwa Kireno, yote, bila kukwama, kwa sauti ile ile aliyofundishwa utotoni akiwa magotini mwa babu yake. Meza ikanyamaza. Wengine wakaitikia nusu ya pili. Na bibi mmoja aliyeketi karibu nami, aliyevaa nyeusi tupu, akatikisa kichwa na kunieleza jambo refu mimi, mtu wake wa Cape Verde, kwa uhakika mkubwa. Nikamgeukia yule wa Kanada.

"Anasema sala ni nzuri," akatufasiria, "lakini aliyemfundisha mzee huyu si mtu wa hapa. Anauliza, amesikia alivyolitamka jina la Yesu?"

Watu wa São Miguel wana lafudhi yao inayojulikana katika visiwa vyote: ile "u" huibana kwa midomo iliyochongoka, kama Wafaransa. Bibi akamwamuru mjomba arudie. Mjomba akarudia, kwa "u" pana na ya wazi. Bibi akarudia kwa ile ya kwao, midomo imekunjwa kama anayetaka kupuliza mshumaa. Wakafanya hivyo mara kadhaa, wakitazamana ana kwa ana juu ya bakuli la supu, mpaka watoto wakaanza kujaribu nao na jina la Bwana likavuma pande zote za meza kwa lafudhi mbili. Mwishowe bibi akamgusa mjomba kifuani, juu ya maandishi, akatoa hukumu: Faial, au Pico.

Sikusema neno. Nilikuwa na nyama mdomoni, na isitoshe mke wangu alikuwa bado amenishika paja.

Mjomba akashuka kwenye kiti, akauliza kwa sauti ndogo kama basi tuondoke. Bibi alipofasiriwa swali hilo alikasirika kweli, akamjazia sahani kwa mkono wake mwenyewe. Paroko naye alipofika alikiri kuwa aliipata barua, na akatuambia kwa upole kwamba barua za aina hiyo humjia nyingi na kwamba parokia yake ina akina Manuel wa kumtosha kila mtu.

Tukaruka kwenda Faial. Kwenye hifadhi ya nyaraka pale Horta, dada mmoja mwenye miwani alitusikiliza, akamfikia babu kabla mjomba hajamaliza kueleza habari za lafudhi: Manuel, amebatizwa Ribeirinha, mwezi Julai, na mwezi umeandikwa kwa herufi zote. Kijiji chenyewe kilibomolewa na tetemeko la tarehe 9 Julai 1998, na mnara wake wa taa bado umesimama magofu, hivyo nyumba ambayo mjomba aliichagua ili aibusu kizingiti ilikuwa na umri mdogo kuliko gari letu la kukodi. Mwenye nyumba alitoka, akasoma fulana kifuani, akamzunguka mjomba ili asome na mgongoni, akaitazama ramani ile kwa muda, kisha akarudi ndani kumwita mke wake naye aje aione.

Usiku, hotelini, nilisoma ukurasa ule wa ubatizo kwa utulivu mpaka chini, mahali ambapo padri huandika wazazi walikozaliwa. António, baba, mzaliwa wa papo hapo. Maria, mama, mzaliwa wa Ribeirinha, kisiwa cha Pico, ng'ambo ya mlango wa bahari. Nilifikiria kunyamaza. Mke wangu akasema hilo ni jambo la ukoo na haki yao walijue, akaenda kumgongea mjomba mlango.

Fulana mpya zilifika Fall River kabla ya Krismasi, za bluu safari hii, mgongoni zina ramani za visiwa vinne vyote, na ankara ikaletwa kwangu kwa kuwa mimi ndiye mtu wa utafiti. Nikamwuliza mjomba kwa nini ameweka na Terceira, ambako hatujapata hata jina moja.

"Bado," akanijibu.