Rezidenti ni mfanyakazi, mwandikieni mkataba

Kila nikipiga simu Mwanza, mama mdogo wangu wa Kirumba hamalizi hata salamu. "Enhe, sasa huko wanakulipa shilingi ngapi?" Nikimtajia anakaa kimya akizidisha kichwani, kisha nasikia anawaita walio jirani waje wasikie. Hesabu yake haina kodi ya nyumba, haina makato ya serikali, wala haina mafuta na bima ya gari katika mji usio na daladala. Zamani nilikuwa nabishana naye. Siku hizi namwacha afurahi.

Ila madaktari wenzangu mliomaliza utarajali, yaani mazoezi ya kazi baada ya chuo, na sasa mnapiga hesabu za kwenda kusomea ubingwa, ninyi siwaachi. Mnaniuliza swali lile lile la mama mdogo, na ndilo swali dogo kuliko yote. Niulizeni mimi ni nani pale hospitalini. Jibu ni kwamba mimi ni mwajiriwa. Rezidenti, yaani daktari anayesomea ubingwa huku akihudumia wagonjwa, mwenzangu wa nyumbani anayefanya kazi ile ile, kwenye vitabu ni mwanafunzi. Mengine yote mnayoyasikia kuhusu neema za ughaibuni yanatoka hapo.

Nipo Ohio, Marekani, nasomea magonjwa ya ndani, programu ya miaka 3, sawa na MMed, shahada ya ubingwa, ya fani hiyo kwetu. Kabla sijamgusa mgonjwa niliwekewa mkataba mezani, wa mwaka mmoja mmoja, unaoanza Julai. Mshahara ulikuwa mstari mmoja tu. Kurasa zilizofuata ndizo zilizonifanya nivute kiti. Bima ya afya, yangu na ya mwenza wangu. Bima ya kunilinda nikishtakiwa kwa kosa la kitabibu, hata kesi ikifunguliwa baada ya mimi kuondoka pale. Bima ya kunilipa nikipata ulemavu. Likizo ya mwaka yenye malipo, fedha za vitabu na mitihani, mchango wa mfuko wa kustaafu. Na kadi ya chakula. Msiidharau hiyo kadi. Saa nane za usiku, umepokea wagonjwa sita na tumbo linanguruma, unashuka kantini, unachukua wali, kuku na chai, unapitisha kadi, unaondoka. Ukirudi juu kuna chumba chenye kitanda na shuka safi kwa ajili ya daktari wa zamu. Mwenye mtoto mchanga ana chumba chake cha kukamulia maziwa, chenye mlango unaofungwa na jokofu.

Kuna pia ukomo wa saa. Chombo kinachoidhinisha programu za rezidensi, ACGME, tangu 2003 kinataka rezidenti asizidishe saa 80 kwa wiki kwa wastani wa wiki nne. Siku hizi kinataka pia zamu moja isipite saa 24 pamoja na hadi 4 za kukabidhi wagonjwa, na ipatikane siku moja ya kupumzika katika kila saba. Najua mwenye kusikia saa 80 ataguna: hiyo nayo ni nafuu? Kweli si nafuu. Ni karibu mara mbili ya saa 45 ambazo sheria ya kazi ya Tanzania imemwekea mfanyakazi wa kawaida. Lakini ukomo upo, umeandikwa, na programu inayouvunja inaweza kupoteza ithibati.

Wala haukuja kwa huruma. Mwaka 1984 binti wa miaka 18, Libby Zion, alifia katika hospitali moja ya New York usiku mmoja tu baada ya kulazwa, mikononi mwa madaktari walio mafunzoni waliokuwa na wagonjwa wengi na zamu ndefu. Baba yake alikuwa mwandishi wa habari na mwanasheria, hakukubali yaishe kimyakimya. Mwaka 1989 jimbo la New York likaweka kikomo cha saa 80, na ikachukua miaka 14 zaidi kikomo hicho kuenea nchi nzima. Likizo ndiyo ya juzi kabisa: ni kuanzia Julai 2022 tu ambapo kila programu inalazimika kumpa rezidenti angalau wiki 6 zenye malipo kamili, japo mara moja katika mafunzo yake, kwa uzazi, ugonjwa au kumuuguza wa familia.

Nayasema haya kwa sababu kwetu kuna dhana kwamba Wazungu walizaliwa na mambo yao yamenyooka. Hata hili la mwanafunzi au mfanyakazi waliligombania kwelikweli. Mwaka 1976 bodi ya taifa ya mahusiano kazini iliamua kwamba marezidenti kimsingi ni wanafunzi, kwa hiyo sheria ya vyama vya wafanyakazi haiwalindi. Ilipofika 1999 bodi hiyo hiyo ikajigeuka: ni wafanyakazi. Halafu Mayo, ile ile hospitali ya Mayo inayotajwa kila mahali, ikaenda mpaka Mahakama ya Juu ikidai marezidenti wake ni wanafunzi, ili wasikatwe mchango wa hifadhi ya jamii. Januari 2011 majaji wakaikatalia. Mtu anayefanya kazi saa zote zile, walisema kwa ufupi, serikali ina haki kumhesabu mfanyakazi, hata kama anajifunza wakati huo huo.

Sasa nikirudi nyumbani.

Mgonjwa ametoka Ukerewe, amevuka ziwa kwa kivuko, kaletwa mjini na kupandishwa kilima cha Bugando, hospitali iliyofunguliwa 1971 na yenye vitanda zaidi ya 900, inayobeba rufaa za Kanda ya Ziwa yote. Katika hospitali ya kufundishia kama hiyo, nani anamwona kwanza usiku? Daktari tarajali na rezidenti. Nani anaandika maelezo, anachukua damu, anampigia bingwa simu, anawaeleza ndugu? Ndio hao hao. Asubuhi wapo kwenye ripoti, kisha raundi, kisha kliniki. Muulize ndugu wa mgonjwa, atakwambia "daktari wetu ni yule kijana". Hakuna ndugu aliyewahi kusema "mwanafunzi wetu".

Lakini kijana huyo analipa ada ili awepo pale. Kama alishaajiriwa serikalini na akapata ruhusa ya masomo yenye malipo, mshahara wake unaendelea, na huyo ana ahueni. Kama alipata ufadhili, vilevile. Wa tatu ndiye ninayemwandikia: aliyemaliza utarajali, akakaa akisubiri ajira, akaona heri asome kwa fedha zake. Huyo hana mshahara, hana likizo ya mwaka, hana mchango PSSSF wala NSSF. Bima ya afya anajikatia mwenyewe, wakati anashinda na kulala wodini kwenye kifua kikuu na sindano zenye damu.

Rafiki yangu wa Nyegezi ni wa kundi hilo. Anasoma mkoa mwingine, chuo sitakitaja. Nilipokuwa nyumbani tulikaa Kirumba kwa sato wa kuchoma na ugali, akala kwa mkono mmoja, wa pili umeshika simu kwa sababu kituo kimoja cha afya cha binafsi kilikuwa kinamuuliza kama atashika zamu ya Jumamosi usiku. Ndivyo anavyolipa ada: mchana wodini bure, usiku vibarua. Nilimchekesha nilipomwambia kwamba mimi vibarua nimekatazwa. Viza yangu ya J-1, ya wageni wanaokuja kwa mafunzo, hairuhusu kazi yoyote nje ya programu. "Kwa hiyo wewe wamekukataza," akasema, "na mimi nisipofanya sisomi."

Mwaka uliofuata akapata mtoto. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi wa kike siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mmoja. Binti aliyeajiriwa kuuza vitenge Makoroboi anazo siku hizo kisheria, hata kama tajiri wake ananuna. Rafiki yangu, daktari, alielekezwa kuandika barua ya kuahirisha mwaka. Aliporudi alikuta wenzake wamemtangulia darasa, na gharama za kuishi za mwaka ule hakuna aliyemrudishia. Hakuonewa na mtu mwenye roho mbaya. Kanuni za chuo ni za mwanafunzi, na mwanafunzi akijifungua anaahirisha. Ndipo ninaposema tatizo ni hadhi yake kwenye karatasi.

Msije mkadhani nauza Marekani. Mshahara wa rezidenti wa mwaka wa kwanza mara nyingi unacheza kati ya dola 60,000 na 70,000. Chukua 65,000, gawa kwa wiki za saa 70, unapata dola 18 hivi kwa saa. Kujadili huwezi. Unapangiwa hospitali na mfumo mmoja wa taifa, matokeo yanatoka Machi, unakwenda ulikopangiwa kwa mshahara uliopangwa. Madaktari walipofungua kesi 2002 wakisema huo ni ushindani uliouawa, Bunge lao 2004 lilichomeka kifungu cha kuulinda mfumo huo ndani ya sheria ya pensheni, kesi ikafa. Wenzangu Wamarekani wengi wana madeni ya chuo yanayokaribia au kupita dola 200,000. Na sehemu kubwa ya siku naimaliza kwenye kompyuta na kwenye simu, nikiomba kampuni ya bima ya mgonjwa iruhusu kipimo ambacho kwetu ningekiandika na kukifuatilia maabara mwenyewe. Mikono yangu ilifundwa Tanzania, hilo silifichi. Nikiugua nina likizo ya ugonjwa yenye malipo, na hakuna hata mtu mmoja wa kuniletea uji.

Najua jibu la nyumbani: hela hakuna. Sawa, mshahara kamili wa kila rezidenti ni mzigo, usianze nao. Ila kuna mambo hayadai bajeti ya kutisha. Ukomo wa saa za zamu ni karatasi na msimamo. Siku 84 za uzazi bila kupoteza mwaka ni kanuni ya chuo kubadilishwa, miezi ikafidiwa mwishoni, kama inavyofanyika huku. Bima ya afya kwa anayehudumia wagonjwa ingewezekana kufungwa ndani ya ada hiyo hiyo anayolipa. Na anayelipa ada asilipishwe, walau, na jasho lake. Apewe posho ya zamu za usiku kama daktari mwingine yeyote aliyekesha naye.

Kenya wametangulia kwa njia ya maumivu: mgomo wa siku 100 uliomalizika Machi 2017 ukazaa mkataba wa pamoja na chama cha madaktari, na bado 2024 wakagoma tena siku 56, kiini kikiwa malipo ya madaktari tarajali. Sisi tuna kumbukumbu ya mgomo wa madaktari wa 2012 na jinsi ilivyokwisha vibaya kwa kila upande. Sitamani tufike huko.

Ili nipate viza hii, Wizara ya Afya yetu ilibidi itoe barua kwamba Tanzania inahitaji mabingwa wa fani yangu, nami nikaahidi kurudi. Kuna mlango wa pembeni: kila jimbo huku linaweza kuwaombea madaktari 30 kwa mwaka wasirudi kwanza, mradi wafanye kazi miaka 3 kwenye maeneo yenye uhaba. Marafiki wananiuliza nitaupita au la. Mimi nauliza kwa nini barua ya kwamba nahitajika ninayo mimi niliyeondoka, na rafiki yangu wa Nyegezi, aliye wodini usiku huu, hana hata ya kumtambua kwamba yuko kazini.