Kura ya posta na siri ya mezani

Mtanzania, Mkenya au Mganda anayeishi Uingereza kihalali anaweza kumchagua diwani wa mtaa wake, kwa kuwa ni raia wa Jumuiya ya Madola. Wala halazimiki kufika kituoni. Tangu 2001, England, Scotland na Wales zinamruhusu mpiga kura yeyote kuomba kura ya posta, yaani atumiwe karatasi nyumbani na kuirudisha kwa bahasha, bila kueleza sababu.

Utetezi wa kura ya posta unaeleweka. Vituo hufunguliwa Alhamisi saa moja asubuhi hadi saa nne usiku, ila anayehudumia wazee kwa zamu ya saa kumi na mbili, na bado ana mabasi mawili ya kwenda na kurudi, saa hizo hazimfai sana. Bahasha inamngoja nyumbani. Pia kuna takwimu inayopendwa mno: katika chaguzi za madiwani England, wanaojitokeza ni kama theluthi moja tu ya walioandikishwa, ilhali kati ya wenye kura ya posta ni takriban theluthi mbili.

Takwimu hiyo inadanganya kidogo. Anayejaza fomu kuomba bahasha ni mtu aliyekwisha kuamua kupiga kura. Ushahidi wenye uzito zaidi ni majaribio ya 2003, pale baadhi ya halmashauri zilipomtumia kila mtu bahasha, aliyeomba na asiyeomba, na ushiriki ukakaribia nusu. Basi posta inaongeza kura, hilo halina ubishi. Lakini kinachohesabiwa ni bahasha zilizorudi. Nani alikuwa amekaa kando ya mwenye kalamu, hesabu haisemi.

Wapinzani nao hukimbilia Birmingham, ambako uchaguzi wa kata mbili wa 2004 ulifutwa kwa wizi wa kura za posta, na jaji Richard Mawrey akasema ushahidi ule ungeiaibisha hata "jamhuri ya ndizi", jina la dharau kwa nchi maskini yenye utawala mbovu. (Sisi tunaotoka kwenye ndizi tulisikia.) Baada ya hapo sheria ikadai saini na tarehe ya kuzaliwa, vilinganishwe na kumbukumbu. Wapo wanaoandika tarehe ya siku hiyo badala ya ile ya kuzaliwa, kura ikakataliwa. Wizi wa jumla umekuwa mgumu.

Ila mjadala wa wizi umeifunika hoja nzito zaidi. Fikiria Jumapili mchana, bahasha nne mezani, na baba mwenye nyumba, mpenzi wa chama fulani, anasema: "Leteni niwaelekeze." Mkamwana anatia alama mbele ya macho yake, anasaini mwenyewe, anaandika tarehe sahihi. Hakuna kilichoibwa, na ukaguzi wote anaupita. Kwenye kituturi, kile kijisehemu cha faragha cha kupigia kura, angeitikia "ndiyo, baba" akiwa njiani, kisha akamchagua amtakaye, na hakuna ambaye angemgundua. Tangu sheria ya kura ya siri ya 1872, siri ya kituoni haimtaki mnyonge aidai. Anakabidhiwa, atake asitake. Nyumbani lazima aipiganie, tena na watu anaokula nao.

Wenye imani na posta hujibu kwamba familia nyingi hazina shida hiyo. Kweli, na hata kituturi hakikuwekwa kwa ajili ya walio wengi.

Tena akishaomba kura ya posta, mlango wa pili unafungwa: kituoni hapewi karatasi nyingine, anaruhusiwa tu kukabidhi bahasha yake. Estonia, ambako watu hupiga kura kwa intaneti wakiwa nyumbani, iliona hatari hii. Mtu anaweza kurudia kura yake, ya mwisho ndiyo ihesabiwe, na tangu 2021 anaweza kwenda kituoni siku ya uchaguzi akapiga ya karatasi, ile ya intaneti ikafutwa.

Uingereza inaweza kuiga hilo kwa posta: anayekwenda kituoni apige kura upya, bahasha yake ifutwe. Bahasha ambazo sasa huanza kufunguliwa mapema ili zikaguliwe zingebaki zimefungwa hadi vituo vifungwe, na matokeo yangechelewa. Halmashauri nyingi huhesabu kura za madiwani Ijumaa hata hivyo.