Nyonga ya kauri: tunaogopa kuvunjika, tunasahau kusagika

Mgonjwa akiambiwa kichwa cha nyonga yake bandia, yaani tufe linalozunguka ndani ya kiungo, kitakuwa cha kauri, mawazo humwendea kikombe cha chai kilichoanguka sakafuni. Hofu hiyo ina msingi. Ila imevimba kupita kiasi, na imemficha adui aliyeharibu nyonga nyingi zaidi.

Adui huyo ni kusagika. Tangu daktari wa upasuaji John Charnley aanze kutumia polithini huko Uingereza mwaka 1962, kichwa cha chuma kimekuwa kikizunguka ndani ya kikombe cha plastiki, na plastiki ile ya zamani ililika takriban sehemu ya kumi ya milimita kila mwaka. Utasema ni kidogo. Lakini chembechembe zake haziendi popote. Seli za kinga huzimeza, hushindwa kuzimeng'enya, na uvimbe unaofuata huchochea mfupa ulioshika kiungo uliwe taratibu mpaka nyonga ilegee. Mara nyingi mgonjwa hahisi lolote hadi mambo yameshaharibika. Mzee wa miaka 75 huenda asiyafikie hayo. Kijana wa miaka 25 atayafikia, pengine zaidi ya mara moja. Na Tanzania vijana hao wapo, kwa kuwa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, huua kichwa cha mfupa wa paja kwa kuukosesha damu.

Hapo ndipo kauri inapojitetea. Alumina, aina ya kauri ambayo daktari Mfaransa Pierre Boutin alianza kuiweka nyongani mwaka 1970, ni ngumu mno na hung'arishwa ikateleza kuliko chuma. Kauri ikisuguana na kauri hupoteza mikroni (elfu ya milimita) chache tu kwa mwaka, na unga wake hauuchokozi mwili kama ule wa plastiki.

Sifa yake ilichafuka mwaka 2001, vichwa vya zirkonia, aina nyingine ya kauri, vya kampuni ya Ufaransa, Saint-Gobain Desmarquest, vilipopasuka ndani ya wagonjwa na kuondolewa sokoni. Zirkonia ina udhaifu wake, maana unyevu huibadilisha fuwele polepole. Lakini wimbi lile la kupasuka lilifuata kiwanda kubadili tanuru. Kosa la uchomaji likaandikwa kwenye hesabu ya kauri zote.

Sasa tazama kauri ya leo, alumina iliyoimarishwa kwa zirkonia kidogo. Uchambuzi wa rejesta ya viungo bandia ya Uingereza uliotoka mwaka 2017 ulihesabu vichwa 79,442 vya aina hiyo. Vilivyovunjika hata mgonjwa akarudishwa kwenye meza ya upasuaji ni 7. Saba! Ni kimoja katika kila 11,000 na ushei. Narudia namba hii kwa sababu sioni ikitajwa pale mgonjwa anapotishwa. Haki inanitaka nitaje na ya pili: bitana za vikombe, yaani tabaka la ndani ambamo kichwa huzunguka, za kauri hiyohiyo zilivunjika 101 kati ya 80,170, yaani moja katika kila 800 hivi. Bitana ni nyembamba, na ikikaa upande kidogo wakati wa kuifunga, ukingo wake hubeba mzigo usio wake.

Wanaoipinga wana hoja nzito: ikivunjika, balaa lake ni kubwa. Mwaka 2012 hospitali ya Marburg, Ujerumani, ilimpokea mwanamume mwenye moyo uliochoka, masikio na macho yakimfifia. Nyonga yake ya kauri ilivunjika mwaka 2010, akawekewa kichwa cha chuma. Vipande vya kauri vilivyosalia mwilini vilikisaga chuma kile, na kobalti, metali iliyomo ndani yake, ikajaa damuni. Kwangu kisa hiki kinalaumu zaidi uamuzi wa kumwekea chuma, kwani aliyevunjikiwa na kauri anapaswa kusafishwa vizuri na kurudishiwa kauri.

Tena plastiki nayo imebadilika. Ile iliyokazwa kwa mionzi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hulika kidogo sana, na haitoi mlio nyongani kama baadhi ya viungo vya kauri kwa kauri. Kwa hiyo kwa kijana wa selimundu ningechagua kichwa cha kauri ndani ya kikombe cha plastiki hiyo. Kauri kwa kauri ningeikubali tu kwa daktari mwenye mkono uliozoea kuikalisha bitana.