Oro: wa kwanza walikuwa askari

Makala niliyoisoma inasema kanisa dogo la Oro, huku Ontario, Kanada, ni kazi ya watumwa waliotoroka Marekani. Hapo napinga. Weusi wa kwanza kugawiwa mashamba pale, mwaka 1819, walikuwa askari waliopigana upande wa Waingereza katika vita vya 1812 dhidi ya Marekani. Familia nyingine kutoka Marekani zilikuja baadaye. Serikali ya kikoloni iliwapa ardhi kwa hesabu zake: ilitaka watu waliozoea bunduki wakae karibu na njia ya kutokea Ghuba ya Georgian, sehemu ya Ziwa Huron, Wamarekani wasije wakaingilia huko. Ukiwaita wote watoro, unawanyang'anya utumishi wao wa kijeshi, na hilo linaniuma. Mimi naishi mji wa Barrie, jirani kabisa, na nimewapeleka wanangu pale. Kwa nje unaona mbao tu, utadhani ni kibanda cha kawaida cha shamba. Kumbe chini ya mbao hizo ni magogo yaliyochongwa kwa mkono, nalo kanisa limesimama tangu 1849! Udongo wa kule ni mbovu na baridi haina huruma, kwa hiyo familia zilihama moja moja kutafuta kazi mijini. Kanisa limetambuliwa kuwa urithi wa taifa tangu 2000, na ukarabati mkubwa ulikamilika 2016. Sasa kilichobaki ni kujua kizazi chao kiko wapi. Kuna msomaji anayewafahamu wajukuu wa wale walowezi, labda waliohamia mji wa Collingwood?